Anza na Ukuta: Namna Fundi Rangi wa Bagamoyo Anavyochora Picha Zisizo na Umbo

Kazi iliyonifikisha kwenye uchoraji ni ile niliyoiharibu.

Nilikuwa fundi rangi wa nyumba, bado kijana, na mwenye nyumba mmoja wa Mji Mkongwe hapa Bagamoyo akanipa sebule yake niipake kabla ya harusi ya binti yake. Nyumba za kule ni za mawe ya matumbawe yaliyojengewa kwa chokaa. Mimi nilizoea tofali za saruji. Nikafuta vumbi kijuujuu, nikapiga rangi ya plastiki nyeupe mikono miwili, ukuta ukang'aa, nikalipwa changu. Harusi ikapita salama. Masika ikaingia, ikatoka, nikapigiwa simu: njoo uone ulichofanya.

Rangi ilikuwa imetoa malengelenge toka sakafuni hadi usawa wa kifua. Ukigusa, inadondoka vipande vipande. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na umejaa chumvi, na unyevu ule lazima upate pa kutokea. Chokaa huuachia njia. Rangi ya plastiki huuzibia, basi unakusanyika nyuma yake na kuisukuma mpaka inang'oka. Haya alikuja kunieleza mzee mmoja fundi chokaa, hasara ikiwa imeshaingia. Siku ile nilichojua ni kwamba nimemwaibisha mtu nyumbani kwake na natakiwa kukwangua kwa gharama yangu.

Nikaanza saa mbili asubuhi. Chini ya nyeupe yangu palikuwa na kijani cha zamani, hafifu kama jani la mgomba likianza kukauka. Chini ya kijani, buluu ile ya unga waliyokuwa wakiitia kwenye chokaa. Chini ya buluu, manjano ya udongo, kisha chokaa tupu, kisha jiwe lenyewe na vitundu vyake. Sehemu moja, haizidi kiganja, skrepa ilipita vibaya: kijani kikabaki na ukingo uliochanika, buluu ikachungulia chini yake nyembamba kama uzi, na katikati kulikuwa na msumari wa kale ulioota kutu, ukaacha doa la kahawia lililoshuka kidogo kufuata maji. Nilisimama pale. Adhana ya adhuhuri ikanikuta nimekwangua eneo lisilozidi mlango mmoja, kwa sababu kila hatua nilikuwa naacha kukwangua natazama.

Kipande kimoja cha rangi ile nilikitia kwenye boksi la kiberiti nikaenda nacho nyumbani. Ninacho mpaka leo.

Vijana wanaopita kibarazani kwangu huniuliza, "Kaka, hizi picha zako unaanzaje? Unawaza nini?" Hili ndilo jibu langu refu, kwa anayetaka kujaribu kwa mikono yake.

Kwanza tuelewane tunachora nini

Wasomi huita sanaa dhahania. Mtaani tunasema abstrakti. Mama yangu anaziita "picha zisizo na mtu", na mimi naona jina lake limekaa vizuri kuliko yote mawili. Ni picha ambayo rangi, mistari na kingo zimeachiwa zifanye kazi bila kulazimishwa kuwa simba, mnazi au jahazi.

Wako wanaosema mambo haya ni ya Wazungu, sisi tunaiga. Siwakubalii. Kaa juu ya mkeka wa ukindu uutazame: kuna mtu humo? Kuna mti? Kuna rangi zilizopangwa, na mtu wa pwani akiuona anajua huu mzuri na huu haukukaa sawa. Tazama nakshi za milango yetu. Tazama pindo la kanga. Wachoraji wa Ulaya walifika kwenye picha zisizo na mtu mwanzoni mwa karne ya 20. Hilma af Klint wa Sweden alianza zake mwaka 1906. Bibi zetu walikuwa wanazikalia.

Hata hivyo nimejifunza mengi kwa wageni, na kwa Waafrika wenzetu pia. Ibrahim El-Salahi, aliyezaliwa Omdurman, Sudan, mwaka 1930, aliyavunja maandishi ya Kiarabu mpaka herufi zikawa maumbo ya kujitegemea. Nilipokutana na kazi zake mara ya kwanza nilikumbuka ubao wa chuo cha Kurani, tulipokuwa watoto tunaandika na kufuta, na herufi za jana zinabaki kama vivuli chini ya za leo. Nikaelewa kwamba vitu vya nyumbani vinatosha.

Na kama unaogopa umechelewa, Wassily Kandinsky, Mrusi aliyekuja kuwa mchoraji mkubwa wa picha za namna hii, alikuwa mwanasheria, akaiacha kazi ya kufundisha sheria mwaka 1896 akiwa na miaka 30, akaenda Munich kujifunza kuchora. Mimi nilianza nina 29, mikono imeshakomaa kwa rola.

Tazama kabla ya kushika brashi

Sehemu hii ndiyo ndefu na ndiyo watu wanaoiruka. Mtu ananunua rangi, anamwaga, anachanganya, anapata matope, anasema abstrakti ni ngumu. Ugumu wake ni kwamba hakuwa na kitu alichokiona. Picha isiyo na umbo haitoki hewani. Inatoka kwenye kitu kimoja ulichokitazama mpaka jina lake likadondoka.

Chukua kipande cha boksi gumu, kata katikati tundu la mstatili lenye ukubwa wa kiberiti. Hicho ndicho chombo chako cha kwanza, na hakigharimu kitu. Shuka nacho pwani, soko la samaki, au popote penye kuta na vyombo vya zamani. Kishike urefu wa mkono mmoja kutoka usoni, funga jicho moja, pitisha tundu polepole juu ya ubavu wa mashua, juu ya ukuta, juu ya bati lenye kutu. Utaona mashua inatoweka. Kinachobaki ni buluu kubwa, mstari mweusi wa kalafati iliyoziba nafasi za mbao na alama nyeupe ya chumvi. Simama hapo.

Usichore bado. Andika. Kwenye daftari dogo andika vitu vitatu tu: rangi ipi imechukua eneo kubwa kuliko zote, ipi imechukua dogo kuliko zote, na zinapokutana, ukingo ukoje. Ukingo mkali kama uliokatwa na kisu? Umeyeyuka? Umechanika? Kuna rangi ya tatu inayochungulia katikati? Hili la ukingo ndilo lililonichukua miaka kulielewa. Mwanzo nilidhani picha ni rangi. Sasa naamini picha nyingi hufa au hupona pale rangi mbili zinapogusana.

Fanya hivi asubuhi saba mfululizo, saa ileile. Mimi napenda saa kumi na mbili na nusu, jua likiwa chini, wavuvi wanarudi. Rudi kwenye kitu kilekile, usihamehame. Siku ya kwanza utaandika "buluu". Siku ya nne utaandika "buluu ya juu imekauka, ya chini bado ina maji, kati yake kuna kijivu chembamba". Ukifika kwenye sentensi za namna hiyo, uko tayari.

Siku maji yakiwa yamekupwa sana, nenda mbali kidogo mpaka Kaole, karibu kilomita tano kusini mwa mji. Kuna magofu ya misikiti na makaburi yenye nguzo, na baadhi ya nguzo zile zilipachikwa bakuli za kauri za Kichina. Watalii hupiga picha ya nguzo nzima na kuondoka. Wewe peleka tundu lako mahali ambapo ukungu mweusi unakutana na plasta. Nimechota picha nne kwenye ukuta mmoja wa pale.

Vifaa

Usingoje rangi za msanii zinazoagizwa nje. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa hardibodi na rangi ya kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972. Miaka minne ile, kwa vitu vya dukani, imezaa mtindo unaobeba jina lake duniani mpaka leo. Mimi picha zangu ni za aina nyingine kabisa, lakini kila nikiingia duka la vifaa vya ujenzi namkumbuka.

Nunua karatasi ya hardibodi, ikatwe vipande vya sentimita 60 kwa 60. Mraba ni mzuri kwa anayeanza kwa sababu unaweza kuugeuza pande zote nne, utaona faida yake mbele. Nunua pia kitambaa cha marekani, msasa namba 120, gundi nyeupe ya mbao, rangi ya maji nyeupe ya ndani ya nyumba, na vichupa vidogo vya rangi kali ya kuchanganyia. Skrepa moja, brashi mbili, kitana cha zamani, mshumaa. Basi.

Niseme neno kuhusu marekani. Huu ndio mji ambao misafara ya karne ya 19 ilianzia kwenda Tabora na Ujiji, na kati ya bidhaa kubwa walizobeba wapagazi ni kitambaa hiki cha pamba kisichotiwa rangi. Kiliitwa marekani kwa kuwa kilifumwa Massachusetts, kikaletwa na merikebu za wafanyabiashara wa Salem. Wapagazi walikibeba kwa majora kwenda bara, na pembe za ndovu zikashuka pwani kwa mabega yaleyale. Kila ninapokitandaza juu ya ubao na kukipitishia kiganja, sikichukulii kama kitambaa kitupu. Tayari kimebeba safu ya kwanza kabla sijakipaka chochote.

Namna ya kukiandaa: piga msasa upande laini wa hardibodi mpaka upoteze mng'ao. Changanya gundi na maji, gundi mbili maji moja, paka ubao wote, tandaza marekani, kisha kiganja kitoke katikati kwenda pembeni kufukuza hewa. Kunja kingo nyuma, gundisha. Ikikauka, paka gundi iliyolainishwa juu ya kitambaa, halafu mikono miwili ya rangi nyeupe. Na tafadhali paka nyuma ya ubao pia. Hewa yetu ina unyevu, na ubao uliopakwa upande mmoja hujikunja kama papadi. Ukikiwamba kitambaa kwenye fremu bila ubao nyuma, masika kitalegea. Wengine wanaweza kuvumilia hilo, mimi siwezi.

Vipi chokaa yenyewe? Nilijaribu, kwa kuipenda. Haishiki kwenye hardibodi, inapukutika. Chokaa inataka jiwe au plasta. Tena inaunguza macho na ngozi, usiichezee bila kinga.

Rangi tatu na ukili mweupe

Mama yangu anasuka ukili, ile mikanda ya ukindu inayoshonwa pamoja ikawa mkeka. Anachemsha ukindu kwenye sufuria lake la rangi, jikoni kwa uani, na vidole vyake vina zambarau mwaka mzima. Wakati ule nilipoanza kuchora, nilijaza kila rangi niliyonayo kwenye ubao mmoja, na ubao ukawa na kelele tupu. Nikaenda kukaa naye. Alikuwa anashona mkeka, ukili mmoja wa zambarau, mmoja mweupe, mmoja wa kijani, mweupe tena.

"Mama, mbona huu mweupe mwingi hivi?"

"Ndio unaowatoa wenzake, mwanangu."

"Ukiuondoa?"

Hakujibu. Alichukua ukili wa zambarau akaulaza pembeni ya wa kijani, bila kitu katikati, akaniinulia nione. Zote mbili zilififia mbele ya macho yangu, kama taa mbili zilizopungukiwa umeme. Akarudisha mweupe katikati. Ule mweupe wala si mweupe. Ni ukindu ambao haukutiwa rangi, una umanjano kidogo kama maziwa ya nazi yaliyokaa. Zambarau ikasimama. Kijani kikasimama.

Kutoka siku ile naanza kila picha na rangi tatu tu, na moja kati ya hizo lazima iwe tulivu. Fanya zoezi hili kwenye karatasi kabla ya kugusa ubao: kata vipande virefu vya karatasi, upana wa vidole viwili, upake kila kimoja rangi yake, viache vikauke. Kisha vipange ubavu kwa ubavu kama ukili. Badilisha mpangilio mara ishirini. Punguza upana wa mmoja, ongeza wa mwingine. Utagundua kwamba nyekundu nyembamba katikati ya kijivu pana inaonekana kali kuliko nyekundu pana. Ukishaliona hilo kwa macho yako hutalisahau, na hutahitaji mtu wa kukuambia rangi gani inaendana na gani.

Rangi za dukani zikitoka kwenye kopo ni kali mno. Zitulize. Kijani changu nakivunja kwa tone la nyekundu, buluu naivunja kwa kahawia. Nyeusi siitumii kupunguza ukali, inaua.

Kupaka, kungoja, kukwangua

Hapa ndipo fundi rangi ndani yangu anaposhika usukani. Picha yangu ina safu nne mpaka saba. Naanza na rangi ambayo nataka mtu aione kidogo kuliko zote, kwa sababu itazikwa. Ile ya eneo kubwa inakuja mwisho. Watu wengi wanafanya kinyume, halafu wanaongeza madoadoa juu, na madoa yanakaa kama inzi juu ya ukuta.

Safu ya kwanza, ipake ubao mzima, nzito kidogo. Iache ikauke kabisa. Wakati wa kaskazi hapa kwetu saa mbili zinatosha. Masika ngoja mpaka kesho. Piga msasa mwepesi. Safu ya pili ipake, na hii usiiache ikauke: subiri dakika kumi hivi, mpaka uso wake upoteze umajimaji lakini ukibonyeza kidole bado unaacha alama. Hapo ndipo uvute skrepa, au kitana, au kitambaa kilicholowa. Ya chini itatokea kwa namna usiyoipanga. Usiogope. Soma daftari lako: ukingo uliouona pwani ulikuwa umechanika au umeyeyuka? Skrepa kavu inachana. Kitambaa kilicholowa kinayeyusha.

Endelea hivyo, kila safu na muda wake. Na katika kila safu acha sehemu moja usiiguse.

Kabla ya safu ya mwisho leta mshumaa. Sugua nta pale unapotaka rangi ibanduke, bonyeza vizuri, kwenye kona, kwenye mstari, popote. Paka rangi juu yake. Ikishakauka kabisa, pitisha skrepa: penye nta rangi itang'oka kwa kingo zilezile zilizochanika ambazo niliziona sebuleni kwa yule mwenye nyumba. Niliitafuta njia hii muda mrefu. Ila ujue, juu ya nta hakuna rangi nyingine itakayoshika, kwa hiyo mshumaa ni wa safu ya mwisho peke yake, na ukimaliza futa nta iliyobaki kwa kitambaa kikavu.

Ukitaka mng'ao mahali fulani unaweza kutumia rangi ya mafuta juu ya rangi ya maji. Usigeuze. Rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta haishiki, itakuja kubanduka siku usiyoitaka, kwenye nyumba ya mtu aliyekulipa. Mimi hilo nimeshalilipia mara moja, sitaki ulilipie wewe.

Geuza, kisha ngoja giza

Kandinsky aliandika kwamba jioni moja aliingia chumbani kwake akakuta picha nzuri ajabu, haelewi ni ya nini, anaona rangi na maumbo tu. Kumbe ni yake mwenyewe, imeegeshwa kiubavu. Kisa hicho nimekifanya kuwa sehemu ya kazi. Kila baada ya safu mbili naugeuza ubao robo mzunguko na kuendelea kutoka upande mpya. Upande wa juu nauchagua mwisho, wakati mwingine baada ya wiki.

Na kabla ya magharibi, mwanga ukianza kuondoka, naisimamisha picha uani, narudi nyuma hatua kumi, nakaa. Rangi zinapoanza kupotea jicho linaona uzito: upande huu umeelemewa, ule uko mtupu. Kosa ambalo mchana limejificha ndani ya rangi nzuri, jioni linajitokeza.

Kuhusu lini uache, sina kanuni. Nina alama moja. Nikiona nimeanza kufikiria kuongeza nyekundu kidogo hapo juu, naweka brashi chini na kuigeuzia picha ukuta siku tatu. Picha nyingi nilizoziharibu nimeziharibu kwa nyekundu ya mwisho.

Wakikuuliza ni nini

Watakuuliza. Mji wetu una wasanii wengi. Chuo cha Sanaa kipo hapa tangu mwaka 1981, leo kinaitwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na wakati wa tamasha watu wanajaa. Mgeni anataka tembo na Mmasai, na mwenyeji anataka kujua umechora nini. Miaka miwili nilichora tembo ili nile, na sikuona aibu. Tembo walininunulia marekani na gundi. Na mpaka sasa siku tatu za wiki napaka nyumba. Usiache kazi yako kwa sababu umeanza kuchora. Kazi ndiyo inayokupa macho.

Siku moja nimeegesha picha kibarazani ikauke, mzee mmoja fundi wa mashua akasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Hii nini?"

Zamani ningeanza kumhubiria hisia na roho. Siku hiyo nikamwambia ukweli, "Nimekwangua rangi, mzee." Akasogea. Akaweka kidole karibu na kona, bila kugusa. "Hii imekuwa kama tumbo la mashua kabla hatujalipaka deheni. Hii nyeupe inayochungulia umeipataje?" Nikamwonyesha mshumaa. Naye akanieleza habari za deheni: chokaa inachanganywa na mafuta, chombo kinalazwa ubavu maji yakikupwa, kinasafishwa, kinapakwa mkono kwa mkono kabla maji hayajarudi, na chini ya deheni mpya ya zamani haiishi kabisa. Tulizungumza mpaka chai ikapoa. Hakuniuliza tena ni nini.

Kwa hiyo mtu akikuuliza, mwambie ulichofanya. Ulitazama nini, ulianza na rangi gani, ulikwangua na nini. Mengine atayaona mwenyewe au hatayaona.

Majina nayapa picha zangu kwa mahali na msimu: "Ubavu wa mashua, kaskazi". Bei, hesabu vifaa na siku zako kama fundi, usione haya kuitaja. Usiitundike picha kwenye ukuta wenye unyevu. Weka vipande vidogo vya mbao nyuma ya pembe nne ili hewa ipite, la sivyo masika itakuotea ukungu.

Nyuma ya kila ubao, kwa penseli, naandika tarehe na mpangilio wa safu kutoka chini kwenda juu: manjano, buluu, kijani, nyeupe. Kule sebuleni kwa yule mwenye nyumba, chini ya rangi yangu, hapakuwa na mtu aliyeniandikia. Atakayekuja na skrepa yake kwenye picha hizi ajue anakwenda kukutana na nini.